Kutoka Reschen hadi Verona kwa baiskeli ya mbio: mwongozo kamili wa njia ya Mto Adige isiyo na magari

Mtu aliyezoea baiskeli kwenye Barabara ya Morogoro au ya Thika huendesha kwa masikio. Macho yako mbele, lakini masikio yako nyuma yanapima mngurumo: hii daladala au lori la mchanga? Linanipita au linanibana? Mimi niliendesha hivyo ujana wangu wote, na nilipohamia Ulaya sikubadilika. Siku ya kwanza niliposhuka bonde la Mto Adige, kaskazini mwa Italia, zilipita kama saa mbili ndipo nikagundua kwamba mabega yangu yamelegea. Nyuma yangu hakukuwa na cha kusikiliza isipokuwa maji.

Nimeirudia njia hiyo mara kadhaa, peke yangu na nikiwa na ndugu ambao hawakuwahi kupanda baiskeli ya mbio. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya Mswahili anayeishi Ulaya au anayepanga kuja huko kutembea, na anayetaka kuendesha kilomita nyingi juu ya lami bila kuogopa magari. Mambo mawili nayaweka mbele. Kwanza, safari hii hupangwa kwa saa za upepo; kilomita zinakuja baadaye. Pili, mahali ambapo magari yameondolewa, chombo chenye kasi kuliko vyote ni wewe.

Hatua ya 1: Ijue njia

Adige ni mto wa pili kwa urefu nchini Italia baada ya Po, kilomita 410 kutoka milimani hadi Bahari ya Adriatiki. Unaanzia karibu na pito la Reschen, mahali barabara inapovuka milima kwenye mpaka wa Italia na Austria, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia ya baiskeli inaufuata kutoka hapo hadi Verona, mji ulio mita 59 tu. Jumla ni kilomita 280 hivi, na karibu zote ni mteremko au tambarare.

Igawe kichwani mwako vipande vinne. Cha kwanza ni bonde la Vinschgau, kutoka Reschen hadi Merano, kilomita 80 na kitu. Hapo ndipo penye mteremko na uzuri mwingi. Cha pili ni Merano hadi Bolzano, kilomita 30 hivi. Cha tatu ni Bolzano hadi Trento, kilomita 65 hivi, juu ya tuta la mto, njia imenyooka kama uzi. Cha nne ni Trento hadi Verona, kilomita 100 hivi.

Kuhusu majina: sehemu ya juu ya bonde ni mkoa wa South Tyrol, uliokuwa chini ya Austria hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakazi wengi huko wanaongea Kijerumani, na kila kibao kina majina mawili. Mals ndiyo Malles, Glurns ndiyo Glorenza, Bozen ndiyo Bolzano, na mto wenyewe Wajerumani wanauita Etsch. Yaandike majina yote mawili kabla ya kuondoka, maana ramani ya simu inaweza kukupa moja na kibao cha njiani kikaanza na jingine. Ukipita mji wa Salorno, Kijerumani kinaisha na unabaki na Kiitaliano kitupu.

Njia yote ni lami isipokuwa vipande vichache vya changarawe laini. Si kweli kwamba hutaona gari kabisa. Kuna mitaa ya vijiji utakayopita, na kuna njia za mashambani ambazo mkulima ana haki ya kupitisha trekta lake. Lakini barabara kuu ya bondeni utaikwepa karibu safari nzima.

Hatua ya 2: Chagua msimu

Kati ya mwisho wa Aprili na Oktoba njia inapitika, ingawa huko juu Reschen theluji inaweza kuonekana hata mwezi Mei. Mimi napendelea wiki za katikati ya Mei hadi mwisho wa Juni, kisha Septemba. Agosti nakushauri uiepuke ukiweza. Italia nzima iko likizo, hasa siku zinazozunguka tarehe 15, na njia inajaa familia zenye watoto wadogo. Wana haki nayo, lakini hutaendesha kwa mwendo unaoutaka.

Aprili ina jambo lake. Bonde hili ni shamba moja kubwa la tufaha, na tufaha huchanua wakati baridi ya usiku haijaisha. Ili kuokoa maua, wakulima hufungulia maji ya kunyunyizia usiku kucha. Maji yanaganda juu ya ua, na yanapoganda yanatoa joto kidogo linalolizuia lisife. Asubuhi mashamba yote yanang'aa kama vioo. Ni jambo la kupendeza mno kuliona, lakini maji yaleyale humwagikia njiani yakawa barafu. Ukienda mwezi huo, subiri jua liingie bondeni kabla ya kupanda baiskeli.

Septemba ni mavuno. Matrekta yenye makasha ya tufaha yanaingia na kutoka kwenye njia siku nzima. Mpishe mkulima. Yeye yuko kazini.

Hatua ya 3: Baiskeli na mzigo

Baiskeli ya mbio ya kawaida inatosha. Tairi ziwe pana kidogo, milimita 28 hadi 32, na usijaze upepo mpaka ziwe ngumu kama jiwe, kwa sababu ya vile vipande vya changarawe. Breki ndizo za kukaguliwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Siku ya kwanza utateremka karibu mita 1,200. Kama pedi zimekwisha zaidi ya nusu, badilisha nyumbani, usingoje kumtafuta fundi kijijini siku ya Jumapili wakati duka limefungwa.

Sheria ya Italia inataka kila baiskeli iwe na kengele. Pia inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma gizani na ndani ya mahandaki, na nje ya miji usiku uvae kizibao cha kuakisi mwanga. Helmeti mtu mzima halazimishwi na sheria. Wewe vaa.

Katika mfuko wa baiskeli weka tyubu mbili, vijiti vya kufungulia tairi, pampu ndogo, kiraka, kiungo cha akiba cha mnyororo na kifaa chenye funguo zote. Kwa mwili wako, jaketi jepesi la kuzuia upepo na glavu za vidole vyote, hata kama ni Julai. Sisi tuliokulia kwenye joto huwa tunalidharau hili. Saa moja asubuhi pale Reschen panaweza kuwa na baridi ya nyuzi 8, na ukiteremka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa vidole vinakufa ganzi mpaka unashindwa kubana breki. Saa sita mchana, chini Merano, utakuwa unatafuta kivuli.

Beba pasipoti au kibali chako cha ukaazi, cha asili. Pale Reschen unavuka au unapakana na mpaka, polisi wanaweza kukusimamisha, na nchini Italia mgeni anatakiwa awe na hati zake. Picha kwenye simu haitoshi. Kama una kadi ya bima ya afya ya Ulaya, iweke pamoja nazo. Kama huna, kata bima ya safari inayogharimia uokoaji wa milimani. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 4: Fika juu

Njia tatu zinajulikana. Anayetoka Austria au Ujerumani hupanda treni hadi Landeck-Zams, kisha basi kwenda Nauders na Reschen. Anayetoka Uswisi hufika kwa treni hadi Zernez, halafu basi la posta linalovuka milima hadi Mals. Anayetoka kusini hupanda treni Verona, Bolzano, Merano, kisha ile reli ndogo ya Vinschgau hadi Mals.

Reli hiyo ina historia inayostahili kutajwa. Ilifunguliwa mwaka 1906, ikafungwa mwaka 1990, na watu wengi waliamini ndiyo mwisho wake. Mwaka 2005 ikafunguliwa tena, na leo ndiyo inayoifanya njia hii ifae kwa kila mtu. Ukichoka, kituo kiko karibu. Mtoto akichoka, kituo kiko karibu. Kwenye vituo kadhaa unaweza kukodi baiskeli huku ukairudisha kule. Kumekuwa na kazi za kuiwekea umeme, kwa hiyo angalia ratiba za südtirolmobil, mtandao wa usafiri wa umma wa South Tyrol, kabla ya kusafiri, maana sehemu ya reli ikifungwa mabasi huchukua nafasi yake, na basi halibebi baiskeli nyingi.

Kutoka Mals kwenda Reschen ni mpando wa mita 450 hivi. Yupo anayeuendesha, na ni mpando wa haki usioua. Wengi hutafuta basi au gari la kubebea baiskeli. Weka nafasi jana yake.

Lala huko juu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hufika saa sita mchana, wakaanza kushuka saa saba, na kuanzia hapo hawaelewi kwa nini mteremko unawachosha.

Hatua ya 5: Uelewe upepo

Mvuvi wa pwani yetu hahitaji kufundishwa hili. Alfajiri upepo wa nchi kavu humsukuma kwenda baharini, na alasiri upepo wa bahari humrudisha. Bondeni ni habari ileile. Jua linapopasha miamba joto, hewa inapanda, na nyingine inavutwa kutoka nyanda za chini kuja kujaza nafasi. Hivyo asubuhi bonde linapumua kwenda chini, na kuanzia mchana linapumua kwenda juu. Wewe unayefuata mto kwenda kusini utasukumwa mgongoni hadi kama saa tano, kisha utakabiliana na upepo wa mbisho mpaka jioni.

Karibu na Trento upepo huo una jina, Ora. Unatoka Ziwa Garda, unavuka kilima na kumwagika katika bonde la Adige alasiri siku za jua. Mara yangu ya kwanza nilitoka Bolzano saa nane mchana nikijiambia kwamba kilomita 65 za tambarare ni kazi ya saa mbili na nusu. Zilinichukua karibu nne na nusu. Juu ya tuta hakuna mti wala ukuta wa kujikinga. Nilifika Trento usiku umeingia, nikiwa na taa moja tu.

Huko juu kabisa, kwenye uwanda wa Mals, kuna upepo mwingine unaoteremka kutoka pitoni, ambao wenyeji wanauita Oberwind. Huu unaweza kuvuma wakati wowote, tena kwa nguvu. Kwenye Ziwa Reschen watu huja kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, na hiyo peke yake ikuambie ni upepo wa namna gani. Unakusukuma, ndiyo, lakini ukija kwa ubavu unaiyumbisha baiskeli yenye rimu pana za ubavuni. Shika usukani kwa chini na uache nafasi kwa pembeni.

Kanuni yangu: kuwa njiani saa moja asubuhi, na ifikapo saa saba mchana uwe umebakiza kilomita 20 tu au chini ya hapo.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, Reschen hadi Merano

Unaanza kando ya ziwa, na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa. Ni wa karne ya 14. Kijiji chake, Graun, kilizamishwa mwaka 1950 ili kupata bwawa la umeme, na mnara peke yake ukaachwa. Watu wanaupiga picha wakicheka. Mimi kila mara nikifika pale nasimama kimya kidogo, nikiwafikiria waliohamishwa.

Baada ya Ziwa Haider mteremko mkali unaanza kuelekea Burgeis. Hapa ndipo wageni wanapoanguka. Njia ni nyembamba, kona zimejificha, na kuna wanaopanda kutoka chini wakiwa wameinamisha vichwa. Breki zibanwe kabla ya kona, kisha ziachiwe. Usizibane mfululizo hadi zipate moto. Upande wa kulia juu ya mlima utaona majengo meupe ya watawa wa Marienberg, monasteri ya Wabenedikto iliyo juu kuliko zote Ulaya.

Glurns ni mahali pa kifungua kinywa cha pili. Ni mji wa watu 900 hivi, lakini una ukuta mzima wa kale wenye malango matatu. Shuka kwenye baiskeli na uisukume ndani, mitaa ni ya mawe.

Ukifika Prad utakutana na kishawishi. Kulia kuna barabara ya Stelvio, iliyofunguliwa mwaka 1825, kona 48 hadi mita 2,758. Ni ndoto ya kila mwendesha baiskeli ya mbio, lakini ina magari na pikipiki nyingi. Kama unataka kuipanda kwa amani, siku moja kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, huzuiwa magari ili baiskeli zipande zenyewe. Tafuta tarehe ya mwaka husika na upange safari yako kuizunguka. Siku nyingine, endelea na mto.

Laas ni kijiji cha marumaru. Jiwe lake jeupe lilisafirishwa hadi kwenye kituo cha treni cha World Trade Center kule New York, na hapa utaliona hata kwenye vijia vya watembea kwa miguu. Baada ya hapo ni Schlanders, Latsch, Kastelbell yenye ngome juu ya mwamba, halafu mashamba ya tufaha mpaka macho yachoke. Mlima wa kushoto kwako ni mkavu, kahawia, karibu kama nyika. Wa kulia ni msitu wa kijani. Vinschgau hupata mvua kama milimita 500 tu kwa mwaka, kwa hiyo tangu zamani watu wa hapa huishi kwa mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye barafu za milimani. Wachagga wa Kilimanjaro wenye mifongo yao wangeielewa mifereji hii bila mkalimani.

Tena Kilimanjaro ina uhusiano mwingine na bonde hili. Kabla tu ya Naturns, juu ya mwamba wa kushoto, kuna ngome ya Juval. Ni ya mpanda milima Reinhold Messner, ambaye mwaka 1978 alipanda ukuta wa Breach, upande wa mwamba na barafu wa Kilimanjaro, pamoja na Konrad Renzler. Huwa nafurahi kuwaonyesha wenzangu ngome hiyo na kuwaambia kwamba mwenyewe anaujua mlima wetu kwa upande ambao wengi wetu hatutaufika.

Baada ya Naturns kuna Töll, na kutoka hapo njia inaporomoka kwa kona za kujikunja hadi Algund, kwenye lango la Merano. Ni sehemu iliyotengenezwa vizuri sana, na kwa sababu hiyo watu wanaiachia baiskeli. Usifanye hivyo. Jioni na wikendi imejaa wazee, watoto na baiskeli za umeme, na mtu mmoja anayekuja kwa kasi anaweza kuharibu siku ya wengi.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Merano hadi Trento

Hadi Bolzano ni mwendo mwepesi kwa saa moja na nusu. Kama una nafasi ya saa mbili, ingia katika jumba la makumbusho anakohifadhiwa Ötzi, mtu aliyekutwa kwenye barafu mwaka 1991 juu ya bonde la Schnals, uliyepita mdomo wake jana yake karibu na Juval. Ila fahamu gharama yake: saa mbili za makumbusho ni saa mbili za upepo mzuri. Mimi nililimaliza jambo hilo kwa kulala Bolzano usiku mmoja.

Kutoka Bolzano kwenda kusini chukua njia ya tuta la mto. Katika karne ya 19 mto huu ulinyooshwa na mabwawa ya kinamasi yakakaushwa, ndiyo maana unaendesha kilomita nyingi bila kona. Ni mahali pazuri pa kupokezana mbele kama mko kundi: kila mmoja avute dakika tatu, kisha ajitoe pembeni. Barabara kuu ya magari ya kasi, A22, iko upande wa pili na utaisikia. Baada ya ukimya wa jana inaudhi kidogo, lakini haina uwezo wa kukufikia. Jaza chupa Bolzano na tena Salorno, maana tuta halina kivuli.

Wasiotaka unyoofu huu wana njia mbadala ya kupitia Kaltern, juu ya reli ya zamani iliyogeuzwa ya baiskeli, kisha kando ya ziwa na mashamba ya mizabibu. Ina mpando mwanzoni, na inapendeza zaidi.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, Trento hadi Verona

Mkoa wa Trentino una vibanda vya kando ya njia vinavyoitwa bicigrill, mikahawa iliyojengwa kwa ajili ya waendesha baiskeli, yenye vyuma vya kuegeshea na mara nyingi pampu. Kipo kimoja Nomi, kabla ya Rovereto. Kunywa kahawa hapo na ule kitu chenye chumvi.

Baada ya Rovereto, pale Mori, kuna njia inayotoka kulia kwenda Torbole na Ziwa Garda. Wengi huishia huko, na siwalaumu. Wewe unayeendelea utapita Ala, Avio na Borghetto, bonde likizidi kuwa jembamba, mpaka korongo la Ceraino ambapo milima inakaribiana kana kwamba inataka kuufunga mto. Hapo upepo unabanwa na kuongezeka nguvu, kwa hiyo uwe umepita kabla ya saa sita. Jirani yake ni Rivoli, Napoleon aliposhinda vita mwaka 1797.

Kuanzia hapo unafuata mfereji wa Biffis. Lami ni nzuri na tambarare, maji ya kijani yanakimbia pembeni. Usiteremke kunawa uso: kingo za zege ni za mwinuko na mkondo una nguvu. Mfereji unakufikisha Chievo, na dakika chache baadaye uko Verona, chini ya ngome ya Castelvecchio.

Hatua ya 9: Adabu za njia

Hili nililiahidi mwanzoni. Tumezoea kuwa sisi ndio wa kuonewa barabarani, na ni rahisi kusahau kwamba hapa mambo yamegeuka. Mwaka juzi, kwenye njia inayopita chini ya barabara karibu na Latsch, niliingia kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Upande wa pili alikuwepo mtoto wa kama miaka sita, ameanguka na baiskeli yake katikati ya njia. Nilisimama kwa nusu mita. Mama yake hakunigombeza, alinitazama tu. Ningependelea anigombeze.

Kwa hiyo: kaa kulia. Piga kengele ukiwa mbali, ili mtu asishtuke, na umwambie asante kwa lugha yoyote unapompita. Kwenye kila njia ya chini ya barabara na kila daraja lenye kona, shusha mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya urefu unaouona. Njia inapokutana na barabara ya magari, simama uangalie. Magari hayakutarajii kwa kasi yako. Ukiona trekta linanyunyizia dawa kwenye mitufaha, simama mbali mpaka limalize mstari. Wakazi wa Mals wenyewe walipiga kura mwaka 2014 kutaka dawa hizo zikomeshwe katika eneo lao, kwa hiyo usione haya kuonekana mwoga.

Hatua ya 10: Kula na kunywa

Chemchemi za maji ziko kila kijiji, baridi na safi. Ukiona maandishi "Kein Trinkwasser" au "acqua non potabile", hayo si ya kunywa.

Waislamu wenzangu, na yeyote asiyekula nguruwe, wawe makini na neno Speck. Ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nayo huwekwa ndani ya karibu kila kitu: mkate, supu, na yale madonge ya mkate yanayoitwa Knödel au canederli. Omba yenye jibini au mchicha, useme "ohne Speck" au "senza speck", na uulize hata kuhusu supu yake. Watakuelewa na hawatakasirika. Kwa mwendeshaji hakuna chakula kinachozidi Vinschger Paarl, mikate miwili ya rai, nafaka inayofanana na ngano, iliyoungana kama pacha, yenye viungo vinavyomkumbusha mtu uwatu. Inakaa tumboni muda mrefu. Kinywaji ni maji ya tufaha yaliyochanganywa na maji ya gesi.

Mwishoni mwa Julai na Agosti utakuta wakulima wanauza aprikoti kwenye meza kandokando ya njia, na kikopo cha kutumbukizia pesa. Hakuna mwuzaji. Beba sarafu.

Hatua ya 11: Kurudi

Treni za mkoa zinazotoka Verona kupanda hadi Brenner, mpakani na Austria, kupitia Trento na Bolzano zinabeba baiskeli, kwa tiketi ya ziada. Zile za kasi mara nyingi zinataka baiskeli iwe imefungwa ndani ya mfuko. Fika kituoni dakika 20 kabla, vua mifuko na chupa, tafuta behewa lenye alama ya baiskeli, na uwe tayari kusubiri treni inayofuata ikiwa nafasi zimejaa, hasa Jumapili jioni. Kaa upande ambao mto unaonekana. Kwa saa nzima utapishana na watu juu ya tuta wakielekea kusini, na kama ni baada ya saa nane mchana, utawaona wameinama.